Maji ya Saint-Malo hayamjui mtoto wa Tanga

Mwaka huu watu watatu wameniuliza habari za ile safari yetu ya Ufaransa na gari-nyumba, na wote nimewajibu kwa mkato kwamba ilikuwa nzuri. Nzuri ilikuwa kweli, ila kuna mambo nilikuwa nayaficha kwa aibu. Nayaandika sasa, maana wawili kati ya hao wameshaanza kupiga hesabu ya kwenda, na sipendi mtu arudie ujinga wangu akilipa kwa pesa yake.

Tunaishi Uingereza. Mimi mzaliwa wa Tanga, mke wangu wa Mombasa, watoto ni wawili: kijana wa miaka 14 na binti wa 10, wote wamezaliwa hukuhuku. Kila shule zinapofunguliwa mwezi wa tisa wenzao husimuliana walikokwenda, na wangu jibu lao ni moja tu, kwa shangazi Leicester. Basi mwaka 2025 mama yao akasema tukodi motahomu, lile gari lenye vitanda, jiko na choo humohumo, tuvuke hadi Saint-Malo, mji wa mabaharia wenye ukuta wa mawe, pwani ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. "Bahari na mji wa kale," akasema, "tutajiona kwetu."

Mama na watoto wana pasi za Uingereza. Mimi bado natembea na ya Tanzania, na kibali cha kuishi Uingereza hakimwingizi mtu Ufaransa. Lazima visa ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na kituo cha kupokelea maombi kinaongeza chake. Maombi hupokelewa tangu miezi sita kabla ya safari. Mimi nilianza wiki saba kabla, na miadi ya karibu niliyoipata ilikuwa baada ya wiki nne. Siku yenyewe nikafika na bima yangu ya matibabu (isipungue yuro 30,000), taarifa za benki, barua ya kazini, kila kitu kimepangwa kwenye faili. Kwenye kipengele cha malazi nilikuwa nimeandika "ndani ya gari." Binti wa dirishani akaisoma, akainua macho, akairudisha karatasi kwa kidole kimoja. Gari si anwani. Wanataka kujua kila usiku utalala wapi. Nikakaa kwenye ngazi za jengo lile na simu yangu, nikaweka nafasi kambini usiku zote sita za Ufaransa, yuro 38 kwa usiku, nikakimbia duka la jirani kuchapisha. Pasi ilirudi siku tano kabla ya kuondoka.

Na muda wote huo gari lilikwisha lipiwa, pauni 1,260 kwa usiku saba, pesa isiyorudi. Ukiwa na pasi kama yangu, visa kwanza, gari baadaye. Au tafuta anayekubali kughairi hata kama ni ghali kidogo.

Kuhusu gari lenyewe, tazama uzito. Leseni ya kawaida ya Uingereza, ya kundi B, inakuruhusu gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na shehena. Waliofaulu mtihani kabla ya 1997 ndio wenye ruhusa ya makubwa zaidi. La kwetu kikomo chake kilikuwa hizo 3,500 kamili, na humo wanahesabiwa watu na mizigo yote. Tangi la maji likijaa lita mia ni kilo mia. Mke wangu alikuja na mchele kilo kumi, unga, nazi, kinu kidogo na ile sufuria yake ya pilau inayotosha arusi. Tulibishana pale uani mbele ya majirani. Kinu kilibaki, sufuria ikaenda. Hakikisha pia unapewa hati ya VE103, inayoonyesha kwamba aliyekukodisha ameruhusu gari livuke mpaka, na kwamba pesa ya dhamana unayo kwenye kadi. Sisi walizuia pauni 1,000.

Dover, bandari ya kuvukia, ilitupa kichekesho cha kwanza. Mke wangu alikuwa amekaanga sambusa sitini za nyama kwa ajili ya safari. Tuko kwenye foleni ya feri, kijana anasoma tangazo: kutoka Uingereza kuingia Ulaya huruhusiwi kubeba nyama wala maziwa, hata yakiwa ya kula mwenyewe. Sijui kama wangetukagua. Mama yao hakutaka kuijaribu bahati, akafungua ndoo, akasema kuleni. Tulikula mpaka tukahema. Nyingine zikaenda kwa familia ya gari la mbele yetu, watu wa Bradford, nao wakatupa tende. Ukaguzi wa pasi wa Ufaransa unafanyika hapohapo Dover, kabla ya kupanda, kwa hiyo fika mapema.

Kutoka Calais, bandari ya upande wa Ufaransa, hadi Saint-Malo ni zaidi ya kilomita 500. Nilikaza mikono kwenye usukani saa ya kwanza nzima, kwa kuwa unaendesha kulia na gari ni pana kama daladala. Baadaye mwili ukazoea. Jambo moja tu la barabarani nitalisema kwa kirefu. Ufaransa barabara kuu nyingi hulipiwa: unakuta vibanda, unachukua tiketi, unalipa. Tulilipa ya kwanza vizuri. Baada ya Rouen tukaingia A13 kuelekea Caen, vibanda sikuviona. Juu kulikuwa na vyuma vyenye kamera tu. Nikamwambia mke wangu, hawa wametuachia bure. Akanijibu kwamba hakuna Mzungu anayeacha kitu bure. Mbele ya Caen tukashika A84, na ile kweli ni ya bure, basi nikajiona nimeshinda hoja. Nitairudia A13 mwishoni.

Tulifika jioni, watoto wamebandika nyuso kwenye vioo tangu walipokiona kisiwa cha mwamba cha Mont Saint-Michel kwa mbali kikielea juu ya ukungu. Nikataka kuwapa zawadi ya kuiona bahari kabla hatujaenda kambini. Nikakata kona kuingia kiegesho cha ufukweni, mita mbili mbele yangu kuna fito la chuma limelazwa juu, limeandikwa 2 m. Gari letu lina kimo cha mita 2.85, lakini kikaratasi kilichobandikwa mbele ya dereva kimeandikwa kwa futi, na mimi nimeganda, nagawanya futi kwa mita kichwani, nyuma yangu magari matano yanapiga honi. Nilirudi kinyumenyume kwa msaada wa bwana mmoja mwenye mikate kwapani. Kioo cha pembeni kikagusa nguzo. Hicho kioo kilikuja kunila pauni 180 kwenye dhamana.

Karibu viegesho vyote vya ufukweni vina fito kama hilo, makusudi, ili magari kama letu yasilale pale. Andika kimo cha gari lako kwa mita, kwa kalamu nene, ubandike mbele ya macho kabla hujawasha injini. Na usiwaze kabisa kuingia na gari-nyumba ndani ya ukuta. Tuliliacha kambini tukapanda basi siku zote, na ndivyo inavyofaa.

Choo nitakisema haraka. Chini yake kuna sanduku linalovutwa nje kwa mlango wa pembeni, lina magurudumu kama begi la uwanja wa ndege, na unalimimina sehemu maalumu tu. Lina kitufe cha kupitisha hewa. Kibonyeze wakati unamimina. Mimi sikukibonyeza. Yaliyobaki nadhani unayaona mwenyewe.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mbele ya ukuta wa Saint-Malo, upande wa ufukwe wa Bon-Secours, kuna kisiwa kidogo kinaitwa Grand Bé. Maji yakipwa, njia ya mawe inatokea mchangani na watu wanatembea kwa miguu hadi kule. Yakijaa, njia inazama na kisiwa kinabaki peke yake. Juu yake kuna kaburi la mwandishi Chateaubriand, mzaliwa wa mji huo aliyefariki 1848 na kutaka azikwe pale akiitazama bahari. Jiwe na msalaba, jina halikuandikwa. Watoto walisikia neno kisiwa na neno kaburi, ikawa hawatulii.

Asubuhi ile nilibaki kambini kushughulika na lile sanduku. Mama na watoto wakatangulia kwa basi. Kwenye ukuta wa ofisi ya kambi kulikuwa na ratiba ya maji: saa za kujaa, saa za kupwa, na namba pembeni. Sikujali namba. Mimi ni mtu aliyekulia Tanga, nimeogelea Raskazone kabla sijajua kusoma, nimefuata wazee miambani kuokota chaza na pweza. Najua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na najua maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Nikaangalia tu kwamba maji yanapwa kabisa karibu na saa sita mchana, nikajumlisha muda wa kurudi, nikaona saa saba wawe wametoka. Nikapiga simu. Akapokea kijana, mama yake anapiga picha.

"Mwambie mama njia inafungwa saa saba. Saa saba, umesikia?"

"Sawa baba."

Kijana akamgeukia mama yake akamwambia kwa Kiingereza, baba anasema seven. Ndivyo alivyoielewa, na sina haki ya kumlaumu. Hawa watoto Kiswahili wanakijua, lakini saa wamezifunzwa shuleni Uingereza. Saba kwao ni saba ya kwenye simu. Mama yake akajua anayo mchana kutwa. Akawaona watu wanaondoka kisiwani wengiwengi saa saba ile, akadhani Wafaransa wanakwenda kula. Alitandika kanga chini wakakaa.

Mimi nilifika Bon-Secours saa nane. Nikauliza kwenye simu, mko wapi?

"Tuko huku bado, kuna upepo mzuri kweli."

"Huku wapi?"

Njia haipo. Pale nilipotazamia mawe palikuwa na maji ya kijani yanakwenda kwa kasi, yanazunguka kama ya mtoni. Kisiwa nakiona, kanga ya mke wangu naiona, mita mia tatu na kitu tu. Nikavua viatu. Nilijiambia nimewahi kuogelea mbali zaidi ya pale. Nikaingia mpaka mapajani, baridi ikanikata pumzi, na mchanga ukaanza kuondoka chini ya nyayo. Mzee mmoja akanishika mkono kutoka nyuma. Hakuwa na Kiingereza, wala mimi sina Kifaransa. Akaelekeza kidole kisiwani, akakaa chini mchangani kama mtu anayesubiri basi, kisha akaelekeza majini na kutikisa kichwa polepole. Nikamwelewa.

Baadaye ndipo nilipoielewa hesabu. Kwetu bamvua likipanda sana ni kama mita nne. Saint-Malo bamvua kubwa hufika mita 12 na zaidi, maana maji ya Atlantiki yanasukumwa ndani ya ghuba iliyobanwa kati ya Bretagne na rasi ya Cotentin, hayana pa kwenda ila juu. Siku ile haikuwa hata bamvua, yalikuwa maji ya kati. Zile namba nilizozipuuza pembeni ya ratiba ndizo zinazosema ukubwa wa maji ya siku, kuanzia 20 hadi 120, ya siku ile ikiwa sitini na kitu. Hata hivyo kati ya kupwa na kujaa palikuwa na zaidi ya mita saba. Na maji hayapandi sawasawa: saa ya kwanza yanajivuta, ya tatu na ya nne yanapanda robo ya kimo chote kwa kila saa. Yule mvuvi wa Tanga anayerudi kwa raha zake na kapu kichwani, maji yakimlamba magoti, hapa angekuwa amekwenda.

Nilipiga 112. (Kwa mambo ya baharini Ufaransa kuna namba nyingine, 196, iweke kwenye simu.) Wakauliza kwa utulivu: kuna aliyeumia? Wako mahali pakavu, juu? Wana umri gani? Wakasema wabaki hapohapo, mtu yeyote asijaribu kuvuka, na hali ikibadilika tupige tena. Kisiwa chenyewe hakizami. Shida ni kusubiri.

Walisubiri kwa muda wa saa nane nzima. Walikuwa na nusu chupa ya maji, mandazi manne na pakiti ya biskuti. Kulikuwa na vijana wawili wa Kijerumani walionaswa vilevile, wao wana maji mengi, wakawagawia. Mke wangu alisali adhuhuri na alasiri juu ya majani, kibla kwa simu, halafu akaizima ile simu kulinda chaji. Tukakubaliana aiwashe kila saa kamili atume neno moja. "Tupo." Kijana alikaa mbali na mama yake, ameinama, maana alishagundua. Binti akalala chini ya kanga karibu na kaburi la yule mwandishi.

Mimi nilipanda ukutani nikazunguka, nikarudi, nikazunguka tena. Ukuta ule unatembewa mzingo mzima, chini kidogo ya kilomita mbili, na siku nyingine ningeufurahia. Kuna sanamu ya Surcouf, nahodha wa Saint-Malo aliyepora meli za Waingereza, kanyoosha kidole baharini. Nilimpita mara sita au saba. Bahari aliyotajirikia ni yetu ya Hindi, na katika shehena zake walikuwemo watumwa. Siku ile sikuwa na hamu ya kumtazama, ila kila nikipita kidole chake kinanionyesha maji.

Agosti kule jua linachelewa, huzama karibu saa nne usiku. Mwanga ulikuwa bado upo mawe yalipoanza kutokea, moja moja, yanang'aa. Yule mzee alikuwa amekwenda kwake, akala, akarudi na tochi. Mke wangu akatangulia amembeba binti mgongoni kwa kanga, kijana nyuma ameshika viatu vya wote. Alipofika hakunisalimu.

"Baba watoto," akasema, "hiyo bahari yenu ya Tanga, iache hukohuko Tanga."

Hakusema neno lingine hadi kambini. Kijana alilia kwenye basi, kimya, amegeukia kioo. Nilimwambia kosa ni langu, ningemwambia saa kwa namba za simu, 13:00, asingekosea. Sina hakika kama aliniamini.

Siku mbili hatukufanya kitu. Tulipika, tuliosha, tulilala. Kisha hasira ya mama yao ilipopungua tukaendesha mpaka bwawa la umeme la Rance, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Dinard. Barabara inapita juu yake. Lilifunguliwa 1966, mitambo 24, megawati 240, na linalosukuma mitambo hiyo ni maji haya haya ya kujaa na kupwa. Nilisimama na kijana pale ukingoni tukitazama maji yanavyochemka yakitoka upande wa pili. Ndipo akaniuliza kwa nini Waswahili tunahesabu saa vile. Nikamweleza: siku inaanza jua linapotoka, basi saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Akafikiri. "It makes sense," akasema, "lakini si huku." Ni kweli, huku kiangazi jua halina adabu hiyo.

Chakula, kwa wanaouliza halali: chapati za ngano nyeusi za kule, galette, ukiagiza ile ya kawaida inakuja na jambon, yaani nguruwe. Sema mapema, uagize ya yai na jibini. Cancale, mwendo mfupi tu kwa gari, wanauza chaza wabichi bandarini. Wanakufungulia palepale, unakamulia limau, unakaa ukingoni unakula na magamba unayatupa ufukweni juu ya milima ya magamba ya waliotangulia. Mke wangu alikula dazeni. Mimi chaza nimezoea wa kupikwa na nazi, nikala wawili kwa heshima.

Siku ya mwisho bamvua lilikuwa limefika. Bon-Secours kuna bwawa la kuogelea limejengwa ufukweni kwa ukuta wa saruji, bahari inaingia yenyewe na kulijaza, ikipwa linabaki na maji. Lina jukwaa la kurukia. Tulisimama juu tukatazama bahari inavyorudi nyuma, mbali, mpaka mtu unajiuliza imekwenda wapi, na Grand Bé ikawa kilima tu cha kawaida mchangani, watu wanapanda na mbwa. Binti akaomba akaruke jukwaani. Mama yake akauliza maji yanarudi saa ngapi. Tukajibu wote watatu pamoja, kwa Kiingereza.

Jumla tulitumia karibu pauni 2,500 ukiweka feri, dizeli, kambi, visa na kioo. Nilidhani hesabu imefungwa. Mwishoni mwa Septemba ikaja barua. Ile A13 si ya bure. Vibanda wameviondoa, kamera inasoma namba ya gari na unatakiwa ulipe mtandaoni ndani ya saa 72. Kampuni iliyotukodisha ilituma deni na faini, na chini yake wakaongeza ada yao ya kushughulikia barua, pauni 40. Mke wangu aliisoma kwanza, akaiweka mezani mbele yangu, akaenda jikoni. Namsikia anacheka mpaka leo.